Bomba Linatoa?

Mwezi uliopita nilikaa siku nne na mwongozo wa matengenezo ya jengo moja la ghorofa 14 pale Posta, katikati ya Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuhariri Kiswahili, na huo mwongozo ulikuwa umetafsiriwa na mhandisi kijana anayelijua jengo lile kuliko nitakavyolijua mimi. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila kitu chenye tundu na kinachopitisha kitu kingine, yeye alikiita bomba. Maji safi yalikuwa na mabomba, maji taka yalikuwa na mabomba. Yale masanduku marefu ya bati yanayopitisha hewa ya viyoyozi juu ya dari yakawa mabomba ya hewa. Nyaya za umeme na za intaneti zikapita kwenye mabomba ya nyaya. Halafu kwenye ukurasa wa 31 nikakutana na sentensi hii: "Kabla ya kufungua bomba, hakikisha bomba limefungwa."

Nikaweka kalamu chini.

Nilimpigia simu. Akanieleza kwa upole kwamba bomba la kwanza ni lile sanduku la hewa, na la pili ni koki ya maji ya baridi yanayoingia kwenye mashine. Kwake ilikuwa wazi kabisa, kwa sababu alikuwa na picha ya mtambo kichwani. Lakini mwongozo haumwandikii mwenye picha kichwani. Unamwandikia fundi wa zamu aliyeamshwa saa nane usiku, ana tochi mdomoni, maji yanamchuruzikia shingoni. Huyo akisoma "bomba" mara mbili kwenye mstari mmoja, anafungua lipi?

Jambo hili lilinigusa kuliko makosa mengine ya tafsiri ninayokutana nayo kila siku, na sababu naijua. Mimi nimelelewa na neno hili. Limenilipia ada ya shule.

Baba yangu, ambaye sasa amestaafu, alikuwa fundi bomba. Karakana yake ilikuwa kibarazani kwetu Tandika: jiliwa lililofungwa kwenye gogo la mwembe, msumeno wa chuma, dai za kuchongea tredi, yale meno ya kuzungusha ya kuungia chuma kwa chuma, paipu renchi mbili, moja yake mpini umepinda, na fundo la katani lililoning'inia kwenye msumari. Vijana wa leo wanaziba tredi kwa ile tepu nyeupe. Baba alivuta nyuzi chache za katani, akazizungusha kufuata mkondo wa tredi, akapaka rangi juu yake, ndipo akakaza. Katani ikilowa inavimba na kuziba yenyewe. Mpaka leo nikinusa rangi ya mafuta naiona mikono yake.

Alikuwa na namna yake ya kutaja vitu. Kipande cha inchi sita kilichoegemezwa ukutani, au urefu mzima uliotoka dukani jana, hakuwahi kukiita bomba. Kilikuwa chuma. "Nipe hicho chuma cha robo tatu." "Kata chuma cha nusu, urefu wa mkono." Ni pale kilipokwisha kufungwa, maji yakapita ndani yake na kutokea upande wa pili, ndipo jina lilipobadilika. Kuanzia hapo lilikuwa bomba, na hata likikaa wiki tatu kavu kwa ajili ya mgao wa maji liliendelea kuwa bomba. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mtoto hamuulizi baba yake kwa nini anaita vitu majina yake. Lakini nilipokuwa nahariri ule mwongozo ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ananifundisha maana ya neno, na kwamba maana hiyo haiko mbali sana na asili yake.

Bomba limetujia kutoka kwa Wareno, kama meza, bendera, karata, mvinyo na gereza. Kwa Kireno bomba ni pampu, na pia ni lile tunaloliita bomu. Kwenye merikebu zao za mbao, pampu ya kutoa maji ilikuwa uhai wa safari. Majahazi yetu yalitolewa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini tumboni mwa chombo, kwa upo, kwa nguvu ya mkono, ndoo kwa ndoo. Kwa hiyo lililoingia katika lugha yetu kwanza halikuwa jina la chuma chenye tundu. Lilikuwa jina la kitu kinachosukuma maji yaende yasikotaka kwenda. Baadaye sana Kiingereza kikatuletea pampu, na bomba likaachia kazi ya kusukuma, likabaki na njia ya kupitia. Bomu nalo likakaa kivyake. Majirani zetu wa Msumbiji, wanaosema Kireno, bado wakisema bomba wanaweza kuwa wanamaanisha mahali pa kujazia gari mafuta. Sisi mahali hapo tunapaita sheli.

Lakini maana ya zamani haikufa. Imejificha sehemu mbili, na zote mbili nimezishika kwa mkono.

Ya kwanza ni shambani. Muulize mkulima yeyote wa mchicha pembeni ya Mto Msimbazi anapuliziaje dawa, atakuonyesha bomba. Si njia ya maji. Ni lile dumu la kubeba mgongoni lenye mpini wa kupampu ubavuni. Anasema "bomba la lita 16," na anaposema hivyo anatumia neno karibu sawasawa na alivyolitumia baharia wa karne ya kumi na sita.

Ya pili ni hospitali. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi tisa alipata homa kali usiku, tukamkimbiza. Muuguzi akaniandikia kikaratasi: "Bomba cc 5, mawili." Nilikuwa nimechanganyikiwa kwa hofu, lakini hata hivyo nakumbuka nilivyolitazama neno lile pale chini ya taa. Bomba la sindano. Kijichombo cha plastiki chenye kitu cha kusukumia ndani, unavuta, unasukuma. Pampu ndogo kuliko zote. Nilirudi nayo mikononi, muuguzi akafyatua ganda, akavuta dawa, akagonga kwa ukucha mapovu yapande juu, akasukuma tone moja litoke kwenye ncha. Tone lile lilipotoka nilipumua. Mtoto yule sasa yuko darasa la sita.

Wenzetu wa Kenya wao walichagua njia nyingine. Mgeni wangu kutoka Nairobi aliniuliza siku ya kwanza kufika kwangu kama hapa Dar watu wanakunywa maji ya mfereji. Nilishtuka, maana kwetu mfereji ni ule wa kuchimbwa ardhini, wa kumwagilia shamba au wa kupitisha maji ya mvua, na hapa mjini mara nyingi tunauita mtaro. Nikawaza ile mitaro ya Jangwani mvua za masika zikishaanza. Yeye alikuwa anauliza habari za koki ya jikoni. Kwao maji yanayotoka ukutani ni ya mfereji, na ukiwaza hawajakosea hata kidogo: mfereji ulikuwepo kabla ya chuma, na kazi ni ileile. Mfereji wa Suez wote tunauita mfereji, hakuna aliyewahi kuuita bomba. Tofauti ni kwamba mfereji uko wazi, unayaona maji yanakwenda. Bomba limefungwa, unaamini tu.

Mrija nao una nyumba yake. Ni mwembamba, na mara nyingi unanyonya badala ya kusukuma. Tunanywea soda kwa mrija. Ndani ya mwili kuna mirija ya uzazi na mirija ya mkojo, na sijawahi kumsikia daktari wa hapa akiita hizo mabomba. Wanasiasa wetu wanapotangaza kwamba wamekata mirija, kila msikilizaji anajua kuna mtu alikuwa upande wa pili ananyonya. Jaribu kusema "tumekata mabomba" uone: watu watatoka nje na ndoo kuulizana maji yatarudi lini.

Na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Dar es Salaam neno bomba halina maana ya umbo. Ukimwambia mtu "mwenye nyumba ana bomba," hujamwambia habari za plastiki iliyofukiwa uani. Umemwambia kuna maji. Matangazo ya vyumba vya kupanga yanasema "bomba ndani" na mpangaji anajua hatabeba dumu. Neno limeungana na kinachotoka kiasi kwamba tumelazimika kubuni swali la kuvitenganisha, na swali hilo ndilo salamu ya asubuhi kwenye mitaa mingi ya jiji hili: "Bomba linatoa?"

Songea kuna kata inaitwa Bombambili, na nani anayejua Kiswahili atalisikia jina hilo asione mabomba mawili na foleni ya ndoo? Kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi hapa Dar kuna kituo kinaitwa Ubungo Maji. Tunaelekezana kwa maji. Nilipokuwa mdogo, "bombani" palikuwa mahali kamili, kama sokoni au msikitini. Watu walikutana bombani, wakagombana bombani, na ndoa mbili za mtaani kwetu ninazozijua zilianzia kwenye foleni ya bombani.

Vijana nao walilichukua wakalipa kazi nyingine. Mambo? Bomba. Shati bomba, muziki bomba, siku imekuwa bomba. Walimu wetu walitukataza tusiseme hivyo darasani. Mimi kila nikilisikia nilikumbuka sauti ya mama saa tisa usiku, akipita chumba kwa chumba akigonga milango: "Amkeni, bomba linatoa!" Hakuna habari njema nyingine iliyotuamsha namna ile. Tulitoka uani na kaniki, taa ya chemli, na ndoo kwa utaratibu: kwanza pipa la kunywa, halafu la kupikia, halafu kila kitu chenye mdomo, masufuria, beseni la kufulia, hata birika. Ukisikia maji yanaanza kupunguza kasi unakimbia. Sishangai kabisa kwamba jina la kitu kile likageuka kuwa jina la kila kizuri.

Maji yale yalikuwa yanatoka mbali. Mto Ruvu ndio unaolisha sehemu kubwa ya jiji, kupitia mitambo miwili. Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulijengwa 1959, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ukaanza 1976. Maji ya Ruvu Juu yanafikia matangi ya Kimara, ya Ruvu Chini yanapanda hadi matangi ya Chuo Kikuu, halafu yanateremka mtaani kwa uzito wake. Haya yote, kuanzia chuma kinachomshinda mtu mzima kukikumbatia hadi kijipande cha nusu inchi kinachoingia jikoni kwako, tunayaita kwa jina moja. Sijui kama ni umaskini wa msamiati. Mimi naliona kama kamba moja: ikishikwa kule, inatikisika huku. Mwishoni mwa 2021 mvua zilipochelewa na Ruvu ukapungua, mgao ukaingia jijini, na mtu wa Tandika ambaye hajawahi kuuona Mto Ruvu akajua hali ya mto kwa kusikiliza koki yake ikipiga miluzi.

Baba alikuwa na sikio la kusikiliza hivyo. Jirani yetu mmoja alipata bili iliyomliza. Uniti moja kwenye mita ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, na mita ilionyesha uniti ambazo kaya ya watu watano isingeweza kuzimaliza hata wangeoga mchana kutwa. Baba akaenda, mimi nyuma na mfuko wa vyombo. Akafunga koki zote. Akaitazama mita: kile kigurudumu chekundu bado kilikuwa kinazunguka, taratibu, kama mtu anayetembea usingizini. Akaomba redio izimwe. Akaomba watoto wakae kimya. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma kilichochomoza ukutani na mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akasogea mahali pengine, akafanya vilevile. Mara ya nne akanipa mimi bisibisi. Nilisikia kitu kama mtu anayesema "shhhh" kwenye chumba cha pili. Baba akachora msalaba wa chaki sakafuni, akaomba nyundo na patasi, na alipofika chini ya saruji mchanga ulikuwa umelowa, maji yanabubujika kidogo kidogo kwenye kiungo kilichooza. Mama wa nyumba ile alikaa chini akashika kichwa. Miezi mitatu alikuwa akiilipia ardhi maji.

Kuna wakati nilidhani bomba siku zote ni la kheri. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu niliyesoma naye, mwenyeji wa Mtwara. Mwaka 2013 gazetini kulikuwa na maneno matatu tu, bomba la gesi, na sisi huku Dar tuliyasikia kama ahadi ya umeme usiokatika. Yeye aliyasikia kama mlango wa nyuma unaofunguliwa kwao vitu vitolewe. Watu wa Mtwara waliandamana, wakasema gesi haitoki, na Mei ya mwaka huo yakatokea machafuko yaliyoacha makovu. Bomba lilijengwa, la inchi 36 kutoka Madimba, Mtwara, na likazinduliwa Oktoba 2015 na Rais Jakaya Kikwete, gesi ikafika Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme hapa Dar. Rafiki yangu aliniambia sentensi ambayo sijaisahau: "Ninyi mnaona gesi inakofika. Sisi tunaona inakoondoka." Chuma ni kilekile. Lakini aliyekaa kwenye mdomo na aliyekaa kwenye chanzo hawasemi neno moja, hata kama herufi ni zilezile.

Na Dar si mdomo kila wakati. Tangu 1968 kuna bomba la TAZAMA linaloanzia Kigamboni na kwenda hadi Ndola, Zambia, safari ya kilometa 1,700 na ushee, likibeba mafuta. Nimeishi jiji hili maisha yangu yote, na nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba kwa watu wa Ndola, sisi ndio chanzo. Sasa lipo na hili la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilometa 1,443, ambalo linabidi lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta yale yana nta na yakipoa yanaganda. Baba nilipomsomea habari hiyo alinyamaza muda, akauliza, "Na viungo vyake wanavisikilizaje?"

Basi nirudi kwenye mwongozo. Nilijaribu maneno mengi kwa ajili ya yale masanduku ya hewa. Dohani ni ya moshi, na tayari lina harufu yake. Neli lipo kwenye kamusi, lakini sijawahi kulisikia kazini. "Mfereji wa hewa" ni zuri, lakini fundi akilisoma atatazama chini badala ya juu. Mwisho nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikaenda Kariakoo kwa mafundi viyoyozi, nikawauliza wanaliitaje. Wakanijibu kwa pamoja, bila kufikiri: dakti. Wana "dakti kubwa" na "dakti za matawi," wanakunja bati la dakti, wanasafisha dakti. Mafundi umeme waliokuwa jirani nao wakasema yao ni paipu, na hakuna hata mmoja aliyesema bomba. Niliwauliza kwa nini. Mzee mmoja wao akasema, "Umeme una bomba? Bomba la watu wa maji."

Wako wanaotaka tuyakatae maneno kama dakti na paipu tubuni ya kwetu. Nawaheshimu, lakini kwenye mwongozo wa kazi siungani nao. Neno ambalo mafundi wenyewe wanalitumia huku wamepanda ngazi limeshapita mtihani kuliko neno lililobuniwa mezani. Na bomba lenyewe je? Nalo lilishuka melini. Sentensi ya ukurasa wa 31 sasa inasema: "Kabla ya kufungua dakti, hakikisha koki ya maji imefungwa." Mhandisi yule kijana aliridhia, na akaomba tupitie pamoja kurasa zote tena. Tulizipitia Jumamosi nzima.

Wiki hiyohiyo nilikuwa navuta maji jikoni kwangu. Fundi ni kijana hodari, anatumia PPR, zile paipu za plastiki, anaziunganisha kwa mashine ya moto zinayeyuka na kuwa kitu kimoja, hakuna tredi wala katani. Baba alikuja kututembelea, akawekewa stuli mlangoni. Kijana akamsalimia, "Shikamoo mzee," akaendelea na kazi yake, paipu hii, paipu ile, nishikie hiyo paipu. Baba alitazama kila kiungo. Kimoja alikiomba, akakigeuza mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akakirudisha bila neno.

Jioni kijana akafungua geti valvu ya nje inayoruhusu maji kuingia. Koki ikakohoa. Ikatoa hewa, ikatema maji ya kahawia, ikanyamaza, halafu yakaja safi, yamenyooka. Baba akainuka kwenye stuli, akanyoosha mkono, akayaacha maji yampite kwenye vidole. "Hapo sasa ni bomba, mwanangu," akamwambia kijana. Kisha akanigeukia akaniuliza kama ndoo zipo.